Mafuta ya mwili si taka: nasaha kwa wazazi juu ya kukonda kupindukia

Hapana shaka kwamba unene wa kupindukia ni miongoni mwa balaa za zama zetu. Kisukari na shinikizo la damu vimebisha hodi katika nyumba nyingi za Waislamu, na nasaha za kupunguza kula zimefika hadi juu ya mimbari. Hata hivyo, dini yetu ni ya wastani, na wastani una pande mbili. Juma hili tunapenda kuwazindua wazazi juu ya upande usiozungumzwa sana, nao ni madhara ya mwili kupungukiwa na mafuta yake ya lazima.

Wengi wamezoea kuyahesabu mafuta ya mwili kuwa ni taka. Ukweli ni kwamba Mola ameyapa kazi. Huzikinga figo, huhifadhi joto, na ni akiba mtu anapougua. Mwaka 1994 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Rockefeller nchini Marekani, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, waligundua jeni ya homoni inayotengenezwa na mafuta hayo, ambayo baadaye iliitwa leptini. Homoni hii huuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichobaki. Inapopungua mno, ubongo hufahamu kwamba njaa imeingia, nao huanza kusimamisha kazi ambazo mtu anaweza kuishi bila ya kuwa nazo. Miongoni mwa zinazotangulia kusimama ni uzazi.

Wataalamu hukadiria kuwa mafuta ya lazima kwa mwanamume ni kati ya asilimia 2 na 5 ya uzito wake, na kwa mwanamke ni kati ya asilimia 10 na 13. Kwa hiyo mwanamke mwenye kilo 60 huhitaji kilo 6 hadi 8 za mafuta kwa uhai wake tu, kabla ya kuhesabu akiba yoyote. Kumtaka afanane na kijana wa kiume mwenye misuli ni kumtaka apigane na maumbile yake.

Madhara ya kukonda kupindukia yamejulikana kwa muda mrefu. Kati ya miaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwachunguza wanaume 36 wenye afya njema waliojitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Hawakunyimwa chakula kabisa, kwani walikula milo miwili kwa siku. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua sana, walihisi baridi hata wakati wa joto, miguu ilivimba, hasira na huzuni ziliwazidi, na fikra zao zote zikawa juu ya chakula. Wengi hawakurejea katika hali yao mara tu baada ya kulishwa tena.

Kwa wasichana, dalili kubwa ni kukatika kwa hedhi. Homoni ya kike inaposhuka, mifupa nayo hudhoofika, hasa kwa kuwa sehemu kubwa ya uimara wake hujengwa kabla ya umri wa miaka 20. Binti anaweza kuvunjika mfupa kwa mazoezi ya kawaida, na akiolewa anaweza kuchelewa kupata mtoto.

Hapa nyumba ya Kiislamu ina alama ambayo nyumba nyingine hazina. Mwenye hedhi haswali wala hafungi, na swaumu zilizompita huzilipa baadaye. Kwa hiyo mama huzijua siku za bintiye bila ya kumpeleleza. Binti mwembamba aliyefunga Ramadhani nzima bila ya kula hata siku moja, asifiwe kwa ibada yake, lakini pia aulizwe kwa upole kuhusu afya yake. Miezi mitatu ikipita bila ya hedhi, au akifikisha miaka 15 bila ya kuianza, apelekwe kwa daktari. Tunawausia wazazi wasikimbilie kumdhania mabaya. Ujauzito ni sababu moja tu, na njaa ni sababu nyingine. Dhana mbaya huweza kumfanya binti afiche maradhi yake mpaka yamwelemee.

Vijana wa kiume nao hawajasalimika. Wapo wanaotaka kila msuli uonekane, wakifuata picha za mitandaoni. Andreas Münzer wa Austria, mtunisha misuli aliyesifika kwa mwili usioonekana mafuta, alifariki Machi 1996 akiwa na umri wa miaka 31, viungo vyake vya ndani viliposhindwa kufanya kazi. Kukonda peke yake hakukumwua. Alikuwa akitumia dawa za kukuza misuli na za kutoa maji mwilini ili apate umbo lile. Hata asiyetumia dawa, akikonda mno, homoni yake ya kiume hushuka, nguvu humwishia na maradhi humwandama.

Sheria yetu imelitangulia jambo hili. Abdallah bin Amr (R.A.) alipokithirisha kufunga na kusimama usiku, Mtume (S.A.W.) alimzuia na kumkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka, vipi kujinyima kwa ajili ya picha? Na katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Ambaye daktari mwaminifu amemweleza kuwa swaumu itamdhuru asione haya kuichukua ruhusa hiyo.

Si kila mwembamba ni mgonjwa, kwani wapo walioumbwa hivyo na wana siha. Tazameni mabadiliko: anayekimbia sinia la familia, anayehisi baridi kila mara, anayezimia, anayepoteza nywele, asiyeacha kujipima. Aliyekaa na njaa muda mrefu msimlazimishe kula sana kwa mara moja, kwani hilo nalo lina hatari. Muanzieni hospitali. Na kabla ya yote, tuache mzaha wa kuwataja watoto wetu kwa unene wao mbele ya wageni.

Mwili ni amana. Allah (S.W.) atuwezeshe kuitunza. Amin.