Kiyoyozi cha Gari la Chama: Gesi Inapovuja

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua upesi, imevuja. Chama kinachojaza gesi kila mara bila kuziba tundu hupoteza fedha za wanachama. Magari yatokayo Lembeni kupanda Milima ya Upare hupata mitikisiko ilegezayo viungio.

Dalili ni hewa isiyopoa na mafuta yaliyoganda vumbi kwenye kiungio. Injini ikiwa imezimwa, fundi apake povu la sabuni. Patokapo mapovu ndipo pavujapo. Gesi iliyobaki ikusanywe kwa mashine, isiachiwe hewani. Kisha mpira wa kiungio ubadilishwe, hewa na unyevu vinyonywe kwa pampu, na gesi ipimwe kwa uzito ulioandikwa garini.

Makatibu wanakumbushwa wasiidhinishe malipo kabla ya kuonyeshwa palipovuja.