Bi B alisema zimeni

Machi 2002, jaji Elizabeth Butler-Sloss wa Mahakama Kuu ya Uingereza alimfuata mlalamikaji wodini. Mwanamke huyo wa miaka 43, anayetajwa mpaka leo kwa jina la Bi B tu, alikuwa amepooza kuanzia shingoni baada ya damu kuvujia kwenye uti wa mgongo. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akipumuliwa na mashine. Alizungumza vizuri, akili yake timamu, na ombi lake lilikuwa moja: izimeni.

Madaktari hawakuwa wakatili. Walimuuguza mpaka wakamzoea, mkono ukawa mzito. Walitaka wapunguze pumzi za mashine kidogokidogo, kwa wiki kadhaa. Bi B akaikataa taabu hiyo. Wakatilia shaka uwezo wake wa kuamua. Nawaelewa, lakini walikosea.

Nawaelewa kwa sababu nasi tulifanya hivyohivyo. Figo za shangazi yangu zilipokwisha, aliambiwa siku ya kuanza kusafishwa damu. Alivuta khanga mpaka kidevuni, akageukia ukutani. "Nimechoka, baba," akaniambia. Tukatoka, tukafanya kikao cha ukoo pale kwenye korido, tukaamua aende. Hakuna aliyerudi kumuuliza amechoshwa na nini. Pengine ni maumivu. Pengine ni michango yetu, ambayo aliisikia ikihesabiwa. Kama ni michango, tungeweza kumtua mzigo huo, na huenda angekubali mashine kwa moyo mweupe. Kama ni uhai wenyewe uliomchosha, neno lilikuwa lake.

Butler-Sloss aliuliza, akasikiliza. Tarehe 22 Machi aliamua kwamba Bi B alikuwa na uwezo wa kuamua, na kwamba kuendelea kumpumulia bila ridhaa yake kulivunja sheria. Bi B alipewa fidia ya pauni 100. Hospitali nyingine ikampokea, na Aprili, mashine ikiwa imeondolewa, alifariki usingizini.

Mwezi huohuo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimkatalia Diane Pretty, aliyetaka mumewe asishtakiwe akimsaidia kufa. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Pretty aliomba mkono wa mtu mwingine. Bi B aliomba mikono ya watu itoke mwilini mwake, maradhi yaende yanakokwenda.

Shangazi tulimpeleka kila Jumanne na Ijumaa, mpaka alipofariki. Njiani hakuwa msemaji.