Brosi ya Ndevu ya Babu: Itunze, Lakini Jihadhari



Maski ya vumbi haishiki vizuri usoni penye ndevu. Kwa hiyo mtu wa mgodi hunyoa kabla ya kwenda kazini. Wengine wana brosi za zamani, zenye mshikio wa mbao au wa pembe, walizoachiwa na babu zao wa siku za Union Minière, na siku ya mapumziko wanapenda kuzitengeneza zing'ae tena. Ni kazi nzuri. Lakini kabla ya kupitisha brosi hiyo usoni, sikilizeni.

Wakati wa vita vya 1914-1918, askari wa Uingereza na wa Marekani walishikwa na kimeta, ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi na farasi. Waganga walitafuta chanzo, wakakikuta katika brosi za ndevu: zilikuwa na nywele za farasi kutoka Asia, hazikusafishwa vizuri. Wembe hukwaruza ngozi, mikrobe inaingia. Kidonda hakiumi, na katikati kinakuwa cheusi. Ndiyo sababu kwa Kifaransa ugonjwa huu unaitwa charbon, yaani makala.

Mbegu za mikrobe hiyo huishi miaka mingi. Na kimeta hakijakwisha: mwezi wa Aprili 2025 kiliua viboko wapatao 50 katika hifadhi ya Virunga.

Basi, fanya hivi:

1. Brosi ya nywele za mnyama iliyotengenezwa kabla ya 1930, au usiyojua umri wake, usinyolee. Ifunge vizuri, iwe ukumbusho. Usiikate wala usiitoboe: unajua vumbi la kutoboa linavyoingia kifuani.

2. Usitegemee kuichemsha. Maji ya moto huharibu nywele na gundi, na mbegu za kimeta zinaweza kubaki hai.

3. Brosi ya miaka ya karibu, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isuuze, ikung'ute, itundike nywele zikitazama chini, penye hewa. Mshikio wa mbao usiulowanishe.

4. Brosi moja, mtu mmoja. Wembe vilevile: damu kidogo tu inaweza kupitisha hepatiti B.

Nanyi akina mama, baba wa nyumba akitoka kidonda cheusi kisichouma, aende dispansere siku ileile. Dawa za antibiotiki huponya kikiwahiwa.

Brosi ni ya babu, lakini uso ni wako.