Nani anarudilia mizani ya ushahidi?

Wachimbaji wa Rubaya na Bisie wanajua: bei ya mfuko wa madini haikatwi kwa neno la mtu mumoja. Negosian anaupima, na kisha unapimwa tena. Katika kesi ya mauaji, rufaa njo ile mizani ya pili. Lakini si kila mtu anaipata.

Tuangalie wakubwa wawili wa vita wa kwetu.

Bosco Ntaganda alikulia Ngungu, katika Masisi. Tarehe 8/7/2019 Korti ya Kimataifa ya Jinai (CPI), kule La Haye, ilimupata na hatia kwa makosa 18 ya Ituri. Kati yake kulikuwa kifo cha padri mumoja wa Mongbwalu, ambaye majuji walisema Ntaganda alimuua yeye mwenyewe. Alipewa miaka 30. Akakata rufaa, na mawakili wake wakasema mashahidi si wa kuaminiwa.

Majuji wa rufaa hawakuanza kesi upya. Walijiuliza hivi: juji mwenye akili timamu, akisikia ushahidi huu, angeweza kuondoa shaka yote ya maana? Pale hakuna sheria inayodai mashahidi wawili. Mumoja anatosha kama anaaminika. Ila shaka ikibaki, inamufaidi mushitakiwa. Tarehe 30/3/2021 walithibitisha hukumu.

Kwetu Kongo rufaa ya kawaida inaenda mbali zaidi: majuji wa pili wanaweza kufungua mfuko, waangalie matendo na ushahidi tena. Kasasyo yenyewe inaangalia sheria tu.

Sasa Ntabo Ntaberi Sheka wa Walikale, ambaye mbele ya kushika bunduki alifanya biashara ya madini. Alijitoa Julai 2017. Tarehe 23/11/2020, Korti ya Kijeshi ya Operesheni huko Goma ilimupa kifungo cha maisha kwa mauaji, ubakaji na kuingiza watoto vitani. Watu wa Walikale hawajasahau Luvungi na vijiji jirani: tangu 30/7 mpaka 2/8/2010, watu wasiopungua 387 walibakwa.

Lakini hapa mizani ya pili haiko. Sheria ya kijeshi ya 2002 inasema hukumu za korti hiyo hazina rufaa. Hata hivyo Katiba, kifungu cha 21, inahakikishia kila mtu haki ya kukata rufaa, na kifungu cha 61 kinakataza kuigusa hata wakati wa hatari.

Hatumulilii Sheka. Tunafikiria wanawake wa Luvungi: hukumu iliyopimwa mara mbili ni ngumu kuivunja kesho. Tena tunafikiria muchimbaji. Mei 2021, état de siège ilipeleka kesi za jinai za raia wa Nord-Kivu kwa majuji wa kijeshi. Kwa hiyo ndugu yako akikamatwa, muulize wakili siku ya kwanza: ni korti gani, na rufaa iko ama haiko? Na kama iko, tuko na siku ngapi? Siku hizo ni chache.