Maktaba ya Umma Mkoani Dodoma: Haki ya Mkazi na Wajibu wa Ofisi

Maelezo haya yanatolewa kwa wakazi wa Mkoa wa Dodoma na kwa watumishi wa umma, walio wenyeji na waliohamia, kuhusu huduma za maktaba ya umma: ni ya nani, hufanyaje kazi, na inategemea nini ili imfikie mwananchi aliye mbali na mjini.

Imeonekana yafaa kuyatoa kwa sababu wengi huichukulia maktaba kuwa ukumbi wa wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani. Mwanafunzi huja na daftari zake, hukaa, hujisomea, kisha huondoka bila kugusa kitabu hata kimoja katika rafu zilizo nyuma yake. Hilo si kosa, maana nyumba nyingi hazina meza wala mwanga wa kutosha. Hata hivyo, sheria haikuianzisha maktaba kwa ajili ya viti tu.

Huduma za maktaba ya umma Tanzania Bara zilianzishwa kwa Sheria Namba 39 ya mwaka 1963, iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanganyika. Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria Namba 6 ya mwaka 1975, ambayo ndiyo iliyoipa jina lake la sasa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo wengi huifahamu kwa kifupi cha BOHUMATA. Sheria ya 1975 iliongeza majukumu. Pamoja na kuanzisha na kusimamia maktaba za umma, Bodi ilipewa kazi ya kuwafundisha wakutubi, kuhifadhi machapisho ya Taifa, kushiriki katika vita dhidi ya ujinga wa kutojua kusoma, na kukuza maandishi ya wazalendo. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na maktaba za mikoa, ikiwamo ya Dodoma, ni matawi ya mti huo mmoja. Kwa hiyo mkazi wa Dodoma anapoingia katika maktaba ya mkoa anaingia katika mali ya umma iliyowekwa kwa ajili yake na sheria ya nchi, awe mkulima, mfanyabiashara, mama wa nyumbani au Katibu Mkuu wa Wizara.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba huduma hii haikuzaliwa ndani ya jengo. Kabla ya Uhuru, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa likipeleka vitabu kwa masanduku katika vituo vya mbali, na kwa posta kwa msomaji mmoja mmoja. Sanduku lilikaa kwa mwalimu au katika ofisi, watu wakaazimana vitabu, kisha sanduku likabadilishwa. Baada ya Uhuru mtindo huo haukuachwa. Katika miaka ya 1970 palikuwa na huduma ya maktaba kwa posta, palikuwa na magari ya maktaba yaliyozungukia shule, na palianzishwa maktaba za vijiji zilizofuatana na kampeni ya elimu ya watu wazima. Kimsingi ni kitabu kilichokuwa kikimfuata msomaji.

Sababu yake ilikuwa wazi. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 kipimo cha Taifa kilionyesha kwamba waliobaki bila kujua kusoma ni asilimia 9.6 tu. Ni nchi chache zilizofika hapo kwa muda mfupi namna hiyo. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma. Vipimo vya miaka hiyo havilingani sawasawa, na zipo sababu nyingine, kama vile kupungua kwa uandikishaji shuleni katika miaka ya 1980 na 1990. Hata hivyo, kila mwalimu aliyefundisha kisomo anaijua sababu moja isiyohitaji takwimu: mtu aliyejifunza kusoma akiwa na umri wa miaka arobaini, kisha akakaa miaka mitano bila kuona ukurasa mwingine, husahau. Maktaba za vijiji zilikuwa zimewekwa ili asisahau. Fedha zilipopungua katika miaka ya 1980, magari yakasimama, na katika vijiji vingi vitabu vilichakaa bila kubadilishwa hadi kabati likabaki na sura ya kabati tu. Inafaa kusema wazi kwamba hiyo ilikuwa hasara kubwa kuliko ilivyohesabiwa wakati ule.

Hali ya Dodoma ya leo inalifanya suala hili kuwa la haraka. Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu ya Serikali Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini uhamisho wenyewe ulishika kasi baada ya tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa Jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,083,588 katika mkoa mzima. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 3,085,625, na kati ya hao 765,179 walikuwa ndani ya Jiji. Yaani zaidi ya watu milioni mbili wanaishi Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, katika mkoa wenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 41,000. Mkazi wa Kondoa au wa Mpwapwa anayetaka kutumia maktaba ya mkoa husafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda, na hizo hizo kurudi. Hakuna atakayefanya hivyo kwa ajili ya kitabu kimoja.

Kwa walio karibu, utaratibu ni mwepesi kuliko wanavyodhani. Msomaji anaweza kukaa ndani ya maktaba na kusoma magazeti, vitabu vya rejea na vitabu vya kawaida. Anayetaka kuazima na kwenda navyo nyumbani hujaza fomu ya uanachama na kujitambulisha. Ada na masharti hupangwa na Bodi, na hubadilika mara kwa mara. Yaulizwe mezani kwa mkutubi wala yasichukuliwe kutoka kwa jirani. Vitabu vya rejea, kama kamusi na ensaiklopidia, havitoki. Watoto wana vitabu vyao, na mzazi asingoje hadi mtoto afike darasa la saba ndipo amwonyeshe mlango wa maktaba.

Linalowashinda wengi ni kukipata kitabu chenyewe. Mtu husimama mbele ya rafu, huona namba migongoni mwa vitabu, huona haya kuuliza, hutoka. Namba hizo hazina siri. Mpango unaotumika ni ule wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambao unagawa maarifa yote katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na kila fungu likagawanywa tena. Fungu la 600 ni la ufundi na kazi za mikono na akili. Ndani yake 630 ni kilimo, 634 ni matunda, na 634.8 ni zabibu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anayetaka kujua ukungu wa majani na namna ya kupogoa, aende kwenye 634.8. Akitaka kujua utengenezaji wa mvinyo, fungu lake ni 663.2, kwa kuwa pale mambo yamekwisha kutoka shambani na kuingia kiwandani. Mtama uko karibu na 633.17, pamoja na uwele, ng'ombe 636.2, nyuki 638.1. Mwenye kupenda riwaya na mashairi ya Kiswahili atayakuta 896.392. Mtu akishayajua mafungu mawili matatu yanayohusu kazi yake, ataweza kuingia katika maktaba yoyote inayotumia mpango huu, Dodoma au Dar es Salaam, Nairobi au London, na kwenda moja kwa moja mahali panapomhusu. Mkutubi naye yupo kwa ajili ya kuulizwa, na anayeuliza hamsumbui.

Kuna kundi ambalo namba migongoni mwa vitabu haziwasaidii. Mkoa wa Dodoma ndio wenye Shule ya Wasioona ya Buigiri, Wilaya ya Chamwino, iliyoanzishwa mwaka 1950 na ambayo ni ya kwanza ya namna yake nchini. Kwa miaka mingi kikwazo kimoja cha kuwaandalia wasioona vitabu kilikuwa sheria ya hakimiliki, kwa kuwa kugeuza kitabu kuwa cha maandishi ya nukta nundu au cha kusikiliza kulihitaji idhini ya mwenye kitabu. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka njia ya kuondoa kikwazo hicho, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Mkataba peke yake hauchapi kitabu. Lakini ofisi au shule inayofikiria kuwaandalia wasioona vitabu sasa ina msingi wa kisheria wa kimataifa wa kuanzia.

Sehemu inayofuata inawahusu hasa watumishi wa ofisi za Serikali na taasisi zake. Kwa mujibu wa sheria, anayechapisha kitabu, jarida au taarifa kwa ajili ya umma anatakiwa kuwasilisha nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo huzihifadhi na kuziorodhesha. Bodi hiyo hiyo ndiyo inayotoa namba za kimataifa za vitabu, zinazoonekana nyuma ya jalada. Ofisi nyingi hudhani kwamba wajibu huu ni wa wachapishaji wa biashara peke yao. Sivyo. Mpango wa maendeleo wa wilaya uliochapwa, mwongozo wa kilimo uliogawiwa kwa mabwana shamba, taarifa ya utafiti wa maji: vyote hivyo ni machapisho. Vikibaki katika kabati la ofisi iliyovitoa, siku ofisi itakapohamia jengo jingine huenda vikatupwa pamoja na karatasi chakavu, na mtafiti atakayekuja baada ya miaka ishirini atalazimika kuanza upya kupima kisima kilichokwisha kupimwa. Katika mji ambao wizara nzima nzima zimefungasha na kuhama, hatari hiyo si ya kufikirika.

Ieleweke pia kuwa majalada ya ofisi ni jambo jingine. Barua, dokezo na majalada ni kumbukumbu, nazo zinasimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002. Dodoma kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kwa ajili hiyo. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: kilichoandikwa ili ofisi isome ni kumbukumbu, na kilichochapwa ili umma usome ni mali ya maktaba. Masjala zisichanganye vitu hivi viwili.

Turudi kwa yule mkazi wa mbali. Azimio la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mwaka 1949 na kuandikwa upya mara kadhaa, zikiwamo mwaka 1994 na 2022, linataka huduma ziwafikie watu wote kwa usawa, pamoja na wasioweza kufika kwenye jengo. Nchi kavu kama yetu zimelitekeleza kwa njia zao. Majirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1996, huko Garissa, kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa ngamia, kwa sababu gari lilizama mchangani na ngamia halizami. Ugogo hauhitaji ngamia. Unazo barabara, shule ya msingi karibu katika kila kijiji, na ofisi ya mtendaji. Kilichotumika miaka ya 1950, yaani sanduku, bado kinaweza kutumika, hata kama leo ndani yake kutawekwa pia simu yenye vitabu vya kusikiliza.

Mahitaji ya sanduku ni machache: kabati lenye kufuli na lisiloingiwa na mchwa, chumba kisichovuja kati ya Desemba na Aprili, daftari la kuazimisha, na mtu mmoja anayekubali kuwajibika. Hili la mwisho ndilo gumu. Vitabu hupotea pale ambapo kila mtu anao ufunguo, na huoza pale ambapo mwenye ufunguo anaogopa vitapotea. Mwalimu mstaafu anayeishi kijijini mara nyingi hufaa kuliko mtumishi anayeweza kuhamishwa kesho. Vitabu vyenyewe viteuliwe kwa kuwauliza wasomaji. Kijiji cha wafugaji kilicholetewa vitabu vya kanuni za ofisi hakiwezi kulaumiwa kwa kutovisoma.

Shule na Halmashauri zinazotaka kuanzisha au kufufua maktaba zinaweza kuomba ushauri wa kitaalamu kwa Bodi kupitia maktaba ya mkoa, na watunzaji wao wanaweza kuomba mafunzo katika Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilichoko Bagamoyo, ambacho kiko chini ya Bodi. Barua ya maombi itaje idadi ya wasomaji wanaotarajiwa, chumba kilichopo, na jina la atakayeshika ufunguo.