Tunu za Oman: nini cha kurudi nacho, na nini cha kupeleka

Mtu wa Pwani akirudi safarini, salamu haziji peke yake. Nyuma yake kuna swali: umetuletea tunu gani? Si ulafi, ni desturi yetu ya tangu na tangu. Msafiri huonja ugeni kwa niaba ya nyumba nzima, na waliobaki nao wana haki ya kuonja kidogo.

Lakini desturi hii siku hizi imegeuka mzigo. Wapo wanaokopa ili wasirudi mikono mitupu. Wapo wanaolipia kilo za ziada kwenye ndege kwa ajili ya mashuka, saa za bei ndogo, misala na tasbihi, vitu ambavyo ukivigeuza nyuma utasoma vimetengenezwa China, na ambavyo ukishuka Barabara ya Biashara hapa Mombasa utavipata bila kuvipandisha ndege. Siwalaumu wanaonunua. Nasema tu kwamba pesa hizo hizo, na kilo hizo hizo, zingeweza kubeba kitu ambacho kweli kimetoka katika nchi uliyoitembelea.

Niichukue Oman, kwa sababu ndiyo nchi ya nje ambayo wengi wetu tuna mjomba, shangazi au binamu huko, na ndiyo ambayo nimeitembea kwa miguu yangu kuanzia Maskati hadi Salalah. Mutrah, lile soko la zamani lililo mbele ya bandari ya Maskati, limejaa kila kitu. Robo tatu ya kila kitu hicho, kwa maoni yangu, unaweza kuipita bila kugeuza shingo. Kilichobaki ndicho nitakachokieleza.

Cha kwanza ni ubani. Sisi tunaujua ubani tangu tukiwa kwenye mbeleko: nyumba hufukizwa magharibi, mzazi hufukizwa, maiti hufukizwa. Lakini wengi wetu twaununua Marikiti kwa kipimo cha kopo bila kuuliza umetoka wapi. Somalia hutoka ubani mwingi na mzuri. Wa Oman hutoka jimbo la Dhofar, kusini, katika mti mfupi wenye matawi yaliyopinda ambao wataalamu huuita Boswellia sacra. Mti huu haupandwi kama muembe. Unamea wenyewe kwenye mabonde makavu ya mawe, mahali ambapo ukitazama utajiuliza umeishije.

Namna unavyovunwa ndiyo inayoeleza bei yake. Mvunaji hukwangua gome kwa chombo kidogo chenye makali, mti ukatoa maziwa meupe. Maziwa ya mara ya kwanza hayana thamani, hukwanguliwa na kutupwa. Husubiriwa wiki kadhaa, mti ukwanguliwe tena palepale, na ni yale yanayotoka baadaye, yakaganda kwa jua na upepo, ndiyo ubani wa kuuzwa. Mti hauwezi kukamuliwa kila siku bila kuuawa. Kwa hiyo ukiona muuzaji anakupa ubani wa daraja la juu kwa bei ya karanga, elewa kwamba huo si wa daraja la juu.

Daraja la juu huitwa hojari, na hutoka upande wa nyuma ya milima ya Dhofar, ambako mvua za msimu hazifiki. Vipande vyake ni vyeupe vyenye kuelekea ukijani, vinapitisha mwanga ukiviinua, wala havina vumbi la magome. Kadiri rangi inavyoelekea wekundu na weusi ndivyo bei inavyoshuka. Huo wa chini si mbaya, unafaa kufukizia ua na kuwafukuza mbu. Usiulipie tu kama hojari. Mwambie muuzaji aweke punje mbili kwenye chetezo chake kabla hujatoa pesa. Hatakataa, kila duka la Mutrah lina chetezo kinachofuka tangu asubuhi. Harufu ya hojari ni nyepesi, ina kitu kama ganda la limau ndani yake, na haikereketi koo.

Ukipata nafasi ya kufika Salalah kwenyewe, nenda Wadi Dawkah, mwendo wa kama kilomita 40 kutoka mjini, ukaione hiyo miti. Bonde hilo pamoja na magofu ya bandari za kale za Sumhuram na Al-Baleed na mabaki ya Shisr viliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Ukirudi mjini utapata kitu kitakachokushangaza zaidi kuliko magofu: minazi, migomba, mipapai, na vibanda vya madafu kando ya barabara. Nilikunywa dafu Salalah, Arabuni hiyo, nikajiona niko Mtwapa. Wala si jambo jipya. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa yapata mwaka 1331, kisha akapanda chombo kwenda Dhofar, na katika habari zake za huko akaieleza minazi na tambuu. Msimu wa huko huitwa khareef, takriban Juni hadi Septemba, milima ikawa kijani na ukungu ukatanda, na Waarabu wa nchi za joto kali humiminika kuja kunyeshewa. Mtu wa Pwani hana haja ya kupanda ndege akanyeshewe. Nenda miezi mingine, hoteli nazo huwa nafuu.

Cha pili ni halua. Hapa najua nitawaudhi watu wa Kibokoni, lakini nitasema. Halua yetu na ya Oman ni ndugu wa tumbo moja: wanga, sukari, samli, maji ya waridi, iliki, zafarani, lozi au korosho. Hupikwa katika sufuria kubwa la shaba, na mpishi hukoroga kwa mwiko mrefu saa mbili au zaidi bila kuuachia, kwa sababu akiuachia dakika chache wanga hushika chini na sufuria zima limekwenda. Tofauti ni mkono. Ya Oman ni laini zaidi, samli inang'aa juu, na huliwa kwenye bakuli kwa kijiko au kwa vidole. Yetu ni ngumu kidogo, hukatwa kwa kisu na kufungwa. Ladha ya Oman hukaa zaidi kwenye zafarani na maji ya waridi, yetu hukaa kwenye iliki. Mimi nazipenda zote mbili, ila kahawa tungu ya Mombasa huivumilia halua ya Mombasa vizuri zaidi.

Huko kuna halua za rangi nyingi. Iko ya manjano ya zafarani, iko nyeusi ya sukari guru au asali ya tende, na iko iliyotiwa tini. Usinunue ile iliyopangwa kwenye vikopo vya kung'aa uwanja wa ndege. Tafuta duka ambalo wenyeji wanasimama foleni, hasa Nizwa, mji uliosifika kwa halua, onja kabla ya kununua, kisha uliza imepikwa lini. Halua iliyopikwa vizuri hukaa miezi bila friji, sukari na samli ndizo zinazoihifadhi. Ukiitia friji utaifanya jiwe.

Na huko Nizwa fika Ijumaa, na fika alfajiri. Kuna mnada wa mbuzi ambao si wa kupigwa kengele wala kipaza sauti. Wauzaji wanawazungusha wanyama katika duara, wanunuzi wamekaa na kusimama pembezoni, mtu akimpenda mbuzi anamsimamisha mwenyewe, anamfunua mdomo kutazama meno, wanapatana, mbuzi anaondoka. Hadi jua halijakolea kila kitu kimekwisha, watu wanaelekea msikitini. Hii haiingii kwenye sanduku, lakini ndiyo niliyosimulia zaidi niliporudi.

Hatua chache kutoka hapo iko ngome ya Nizwa na mnara wake mnene wa duara, uliojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Juu ya milango ya ngome kuna matundu ya kumwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Tende za pale ziliwekwa magunia juu ya magunia kwenye sakafu yenye mifereji, uzito wake ukazikamua zenyewe, asali ikatiririka hadi kwenye mtungi. Wakati wa amani waliila, wakati wa vita waliimwaga. Ukinunua chupa ya asali ya tende Nizwa, umenunua na hadithi ya kuwasimulia watoto. Mimi niliipenda kwa chapati.

Kuhusu chakula cha huko nisiseme sana, kwa kuwa kingi chake unakila hapa kwa jina jingine. Harisi yao ni bokoboko letu. Mishkak yao ya barabarani ni mishikaki yetu, jina na moshi. Mandazi wanayaita mandazi, kwa sababu yalifika na watu waliotoka Unguja na Pwani hii, wengi wao wakiitikia mwito wa Sultan Qaboos wa baada ya 1970 wa kurudi kuijenga nchi. Ndiyo maana Maskati utaomba njia kwa Kiswahili na utajibiwa, tena kwa lafudhi ya Mji Mkongwe. Ambacho hatuna ni shuwa. Nyama hupakwa viungo, hufungwa kwenye majani, hutiwa ndani ya shimo la moto lililofukiwa, na hulala humo siku nzima au mbili. Ni chakula cha Idi, kijiji kizima hutia mafungu yao shimo moja. Ukialikwa, usikatae. Na ukimiminiwa kahawa, pokea kwa mkono wa kulia, ukitosheka kitikise kikombe kidogo. Usipokitikisa utamiminiwa hadi moyo uende mbio.

Mambo ya sanduku ni machache. Halua na asali ya tende zitie kwenye sanduku linalowekwa chini ya ndege, kwa sababu wakaguzi huzihesabu kama vimiminika na huwa hawaruhusu zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi. Jambia la fedha, ukiwa na pesa za kulinunua, nalo hivyo hivyo, na weka risiti. Mifuko ya plastiki ya madukani usishuke nayo, Kenya imeipiga marufuku tangu 2017. Na ujue riali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu. Bei ikisomwa "tano" inasikika ndogo, mpaka upige hesabu kwa shilingi.

Nimeiacha kofia mwisho kwa makusudi. Kila anayekwenda Maskati hutaka kurudi na kofia ya Kiomani, kumma wanavyoiita. Mutrah zimepangwa mamia kwa rangi zote. Nyingi ni za mashine, na si zote zilizoshonewa Oman. Wakati huo huo, Waomani wanaojua kofia wanaulizana nani anakwenda Lamu. Kofia ya mkono ya Lamu, Siyu na Pate, aliyokaa nayo mshonaji miezi, tobo kwa tobo, ndiyo wanayoivaa harusini na kuitunza. Mwenyeji wangu mmoja huko alinivulia yake, akanionyesha ndani, akaniambia imefanywa kwetu. Alidhani naijua thamani yake kuliko yeye. Nami hapo nilikuwa nimeona vijana wetu wangapi kwenye ndege wakirudi na za mashine.

Kuzitofautisha ni rahisi. Igeuze ndani nje. Ya mashine ina nyuzi zilizolegea upande wa ndani na matobo yake mengi ni ya kuchorwa tu. Ya mkono kila tobo ni tobo kweli, limezungushiwa uzi pande zote, ukiiinua juani mwanga unapita, na ndani ni safi karibu sawa na nje.

Kwa hiyo ukienda kwa jamaa Oman, tunu yako iwe hiyo. Ongeza na mabuyu, krispi za muhogo na achari ya embe iliyofungwa vizuri, uone wazee wa huko watakavyokaa kimya wakila. Ila kofia isiagizwe wiki moja kabla ya ndege. Mpe mshonaji miezi mitatu au minne, mpe kipimo cha kichwa, mpe na malipo ya mwanzo anunulie uzi na kitambaa, wala usimshindanishe na bei ya Mutrah.