Je, Wajua? Chatne ya Magogwe Kutoka Vilima vya Nyamyumba

Je, wajua kwamba huko Nyamyumba maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100? Sekta hii ya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, inaanzia ufukweni mwa Ziwa Kivu, na uso wa ziwa hilo uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja. Kwa hiyo sufuria inayotokota ufukweni iko kwenye nyuzi 95 hivi, na ukipanda vilimani joto lake linapungua zaidi. Kwa chai jambo hili si kitu. Kwa chatne ya kuweka akiba, lina uzito mkubwa. Chupa iliyojazwa chatne ambayo Mombasa au Tanga ingechemshwa majini dakika 10, Nyamyumba ichemshwe dakika 15, na ukivuka mita 1,800 iwe dakika 20. Vitabu vingi vya mapishi viliandikwa na watu wa nchi tambarare, na mpishi wa milimani akivifuata neno kwa neno chupa zake zitachacha.

Je, wajua kwamba tunda linalofaa kuliko yote kwa chatne ya huko ni kinyomoro? Kwa Kinyarwanda huitwa ikinyomoro, mengi yakiwa ibinyomoro. Tanzania wengi wanayajua kama magogwe. Ni tunda la umbo la yai, jekundu au la rangi ya machungwa, lenye mbegu nyeusi na uchachu unaoamsha mate. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ndiyo maana hewa ya baridi ya Rubavu inalipendeza. Ni ndugu wa nyanya, biringani na kiazi mviringo.

Wakulima wa New Zealand walilipa tunda hilohilo jina la biashara la tamarillo mwaka 1967, wakaliuza nchi za nje. Sisi tulio nalo mlangoni bado tunalinywa juisi tu, na linalobaki linaozea kwenye vikapu.

Je, wajua ganda la gogwe ni chungu, na uchungu wake haupotei jikoni? Tumbukiza matunda kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hivi, kisha kwenye maji baridi. Ganda litabanduka lenyewe. Tahadhari na kanga yako: maji ya gogwe jekundu huacha doa sugu.

Je, wajua achari ya matunda si mgeni Afrika Mashariki? Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alieleza alivyokaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na pembeni yake limau zilizolowekwa, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Aliona kwamba embe likiiva huliwa kama tunda, na likiwa bichi huwa kali kama limau, nao hulitia siki. Hiyo ni karibu miaka 700 iliyopita. Na pilipili aliyoionja haikuwa hii pilipili hoho wala mbuzi, kwa kuwa hizo zilivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1492. Msomaji wa pwani anayesaga embe bichi kwa chumvi leo anaendeleza kazi iliyokuwa mezani kabla Mreno wa kwanza hajaiona Malindi.

Je, wajua zipo chatne za namna mbili, na watu wengi huzichanganya? Ya kwanza husagwa mbichi na kuliwa siku hiyohiyo: ya nazi, ya ukwaju, ya kotimiri. Hiyo ndiyo Mzanzibari anayotia kwenye urojo wake. Ya pili hupikwa polepole kwa siki na sukari mpaka iwe nzito, ikatiwa chupani ikae miezi. Hii ya pili ilishamiri mikononi mwa Waingereza walioipenda ladha ya India wakataka iwafuate melini. Mbichi ina ladha changa isiyo na kifani, lakini haiokoi mavuno. Kwa mkulima mwenye vikapu vitatu vya magogwe siku moja, ya kupika ndiyo yenye faida.

Je, wajua vipimo? Hivi hapa: kilo 1 ya magogwe yaliyomenywa na kukatwakatwa, gramu 400 za vitunguu maji, nusu kilo ya sukari, mililita 400 za siki yenye asidi ya asilimia 5, kijiko kidogo na nusu cha chumvi, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, karafuu tatu au nne, na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wa nyumba yako. Vitunguu usivitafute mbali, Rubavu inavilima kwa wingi. Chemsha kwanza kwa moto wa wastani, kisha punguza na uendelee kwa saa moja au zaidi huku ukikoroga, hasa mwishoni, kwa kuwa sukari hushika chini upesi. Utajuaje imeiva? Pitisha mwiko katikati ya sufuria: njia uliyoichora ikibaki wazi bila maji kurudi kuijaza, ipua.

Je, wajua sufuria unayotumia inaweza kuharibu kazi yote? Sufuria nyingi za majumbani ni za alumini, na siki hula alumini. Chatne itapata ladha ya bati na rangi yake itafifia. Tafuta ya stenlesi au iliyopakwa enameli isiyobanduka. Iwe pana kuliko kina chake, maji yatoke haraka na makaa yaungue kidogo. Kwa familia inayopikia mkaa, upana huo ni pesa.

Tukiwa kwenye moto: je, wajua kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957 hapohapo kando ya ziwa, kiliwahi kupata nishati kutoka ndani ya maji? Ziwa Kivu limebeba karibu kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani iliyoyeyuka kwenye vilindi vyake. Mwaka 1963 mtambo wa majaribio ulijengwa Rubona, ukaivuta gesi hiyo na kukipelekea kiwanda. Gesi ya ziwa hilo ikifika siku moja kwenye majiko ya akina mama wa Nyamyumba, nitashangilia kuliko nilivyoshangilia habari yoyote ya umeme.

Na chemchemi za maji moto zilizo karibu na kiwanda? Watu huenda kujiloweka miguu na kutuliza maumivu ya viungo. Usiende kusafishia chupa. Maji yale ni ya moto kweli, lakini hayafiki kuchemka.

Je, wajua kinachofanya chatne isiwe sumu? Hapa naomba usome taratibu. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka, na hupenda mahali pasipo na hewa, yaani ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Adui yake mkubwa jikoni ni asidi. Asidi hupimwa kwa pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Chini ya 4.6 bakteria huyo hawezi kuota wala kutoa sumu. Gogwe lenyewe huwa karibu 3.5, hivyo liko upande wa usalama tangu mtini. Papai bivu huwa juu ya 5, na ndizi mbivu mara nyingi nayo huzidi 4.6, haya hayajilindi, yanategemea siki uliyotia. Vitunguu navyo huipunguza asidi. Kwa sababu hiyo, ukitaka chatne isiyo kali sana, ongeza sukari. Siki usiipunguze kamwe, wala usiichanganye na maji.

Je, wajua siki ya kujitengenezea ina hatari yake? Urwagwa, ile pombe ya ndizi ya Wanyarwanda, ukiachwa wazi hugeuka siki: bakteria wa hewani huitwaa pombe na kuifanya asidi. Ni nzuri kwa kachumbari ya leo. Kwa akiba haifai, maana nguvu yake haijulikani. Nunua chupa iliyoandikwa asilimia 5.

Je, wajua ukali wa pilipili haukai kwenye mbegu? Unakaa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu hizo. Ondoa utando, ubaki na harufu na moto wa kiasi. Anayetaka njia ya mkato anayo Akabanga, mafuta ya pilipili ya Sina Gérard wa Nyirangarama, kwenye barabara ya kutoka Kigali kwenda Musanze na Rubavu. Huuzwa kwa chupa ndogo ya matone, na tone moja au mawili yanatosha sufuria nzima ya familia yenye watoto.

Parachichi? Usilipike chatne. Joto hulifanya chungu.

Je, wajua chatne hii inakutana na samaki wa kuja? Sambaza wa Ziwa Kivu, wale wadogo wanaokaangwa wakauke, walipandikizwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Ni ndugu hasa wa dagaa wa Kigoma. Wengi huwala kwa ndimu na pilipili. Nawasihi mjaribu kijiko cha chatne ya magogwe pembeni: uchachu wake unakata mafuta, na utamu unaibua chumvi ya samaki. Sijaonja mwenzi mwingine wa sambaza anayeishinda. Inafaa pia kwa viazi, maharage na brosheti ya mbuzi.

Je, wajua chatne haipendezi siku ya kupikwa? Siki bado inachoma pua. Iache mahali penye giza na ubaridi wiki nne hadi nane, ladha zishikane. Tia chupani ingali ya moto, katika chupa za moto zilizochemshwa, acha nafasi ya sentimita moja juu, futa mdomo wa chupa, funga, kisha chemsha majini kwa zile dakika 15, au 20 ukiwa juu ya mita 1,800. Kifuniko kiwe na utando wa ndani, kwani siki hutafuna bati tupu.

Chupa ziwe za kioo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikatunga sheria dhidi ya plastiki za kutumika mara moja, kwa hiyo vile vifuko vya nailoni vya kufungia achari havina nafasi huko. Chupa ya kioo huoshwa, huchemshwa na kujazwa msimu baada ya msimu. Kifuniko ndicho cha kununua upya.

Na wewe unayefikiria kuuza: nenda kwanza Shirika la Viwango la Rwanda, RSB, ukaulize juu ya alama yao ya S kabla hujachapisha lebo hata moja. Kikundi cha akina mama wanne wenye sufuria mbili za stenlesi, mizani na karatasi za kupimia pH kinaweza kuanza msimu huu wa magogwe. Anzeni na kilo tano, andikeni tarehe kwenye kila chupa, na chupa ikishafunguliwa iwekwe kwenye friji.